Dubai ya Kitambaa

Nimewapeleka watu Paris, Dubai, Joni na Yerusalemu kwa muda mrefu kuliko baadhi yenu mlivyoishi duniani, na sijawahi kupoteza abiria hata mmoja. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyepotelewa na mzigo, hakuna aliyerudishwa kwa kukosa viza. Wote walirudi kwa miguu yao wenyewe, wengine kabla maharagwe waliyoacha jikoni hayajaiva. Sasa nimestaafu. Macho yamechoka, na nyinyi vijana wa picha za simu mmeniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa, kabla hamjamaliza kuiharibu.

Kwa asiyenijua, naitwa Mama Riziki, mtu wa Uvira, Kongo, lakini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, hata mchungaji ananiita Mama Picha. Nilikuwa na studio, yaani chumba kimoja cha matofali ya udongo chenye vitambaa vikubwa vilivyochorwa nchi za watu. Mtu anaingia, anachagua nchi, anasimama mbele yake, napiga. Mkimbizi hapa haruhusiwi kutembea atakavyo, lakini hakuna sheria inayomkataza kusimama mbele ya kitambaa. Niliulizia kwanza, kwa sababu sipendi matatizo na serikali.

Kazi nilijifunzia Lilongwe, Area 47, enzi zile tulipokuwa tukiishi mjini na watu hawakutuuliza sana. Bosi wangu alikuwa Mmalawi, Bambo Phiri, mtu mfupi mwenye tai aliyoifunga mara moja tu maishani. Tangu hapo alikuwa akiivaa na kuivua kwa kuipitisha kichwani. Kiswahili alikipata Dar es Salaam alikokuwa akienda kununua bidhaa. Kwa hiyo aliweza kubishana bei kwa ufasaha mkubwa, lakini kuomba radhi hakujua. Siku yangu ya kwanza alinipa ufagio.

"Mayi, kafagie Paris," akasema. Mayi ni mama kwa Kichewa chao.

Nikamwangalia nikidhani jua limempata. Akaninyooshea kidole kwenye pazia la nyuma, na kweli Paris ilikuwa imejaa vumbi na utando wa buibui kwenye ule mnara wao. Nikaifagia. Mchana nikapewa kuifagia bahari. Nilifanya kazi ya kufagia dunia kwa muda kabla ya kuruhusiwa kuishika kamera, na bado naamini hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana mtu asiyejua vumbi la nchi hawezi kuipiga picha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Nathenje aliyekuja kuuza mihogo, akataka picha ya ziwani. Nilimwambia acheke. Akanitolea meno kama mtu anayekaguliwa na daktari. Nikamwambia acheke vizuri, akazidisha. Bambo Phiri akanisogeza pembeni.

"Mayi, usimwambie mteja acheke. Muulize anakwenda wapi. Mtu akitaja anakokwenda, uso unajipanga wenyewe." Kisha akamgeukia bibi kwa Kichewa: "Agogo, mukupita kuti?"

Yule bibi akasema anakwenda ziwani, Salima, kumwona dada yake aliyeolewa huko. Uso ukajipanga. Nimepiga nyuso nyingi tangu siku ile na sijapata ushauri mwingine ulioufikia huo, ingawa nyinyi siku hizi mnawaambia watu waseme "chiizi".

Nitawapa na mengine ya kazi, mtakayoyachukua myachukue. Mtu anayekwenda Paris mvalishe koti, hata kama ni Oktoba na mabati yanawaka. Studio yangu ilikuwa na koti moja la sufu. Limekwenda Paris na vijana, wazee, bwana harusi na mke wa mchungaji, na jasho la wote hao limebaki ndani yake. Usimruhusu mtu avae kandambili kwenye theluji. Mpe sanduku la safari, na liwe tupu, kwa sababu mtu aliyebeba sanduku zito kweli uso wake haupendezi. Na piga kuanzia magotini kwenda juu. Sakafu yangu ilikuwa udongo mwekundu wa hapa Dowa, na hakuna mji wa Ulaya niliosikia kwamba una udongo huo.

Nilipokuwa bado Lilongwe, siku za soko nilikuwa nakunja kitambaa naenda nacho Nathenje, kukitundika kati ya wauza nyanya. Kule hawakutaka Paris. Walitaka Joni, yaani Johannesburg, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda Joni au aliyesema amekwenda. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepiga picha Joni akamtumia mkewe kijijini ili ajue mumewe yuko kazini Afrika Kusini. Kumbe alikuwa amejificha hapohapo Nathenje kwa mwanamke mwingine. Mke akaja siku ya soko iliyofuata kununua dagaa, akaikuta Joni imetundikwa kwenye nguzo mbili, mumewe amekaa mbele yake anakula nsima, ugali wa huku. Niliikunja Joni haraka. Sikusubiri kuona mwisho, lakini nilisikia sehemu yake nikiwa njiani.

Baadaye tulio mjini tuliambiwa turudi kambini. Sitalisemea sana hilo. Nilirudi Dzaleka nikiwa nimebeba Paris begani na watoto wameshika Yerusalemu huku na huku, na jirani zangu wa Area 49, niliokuwa nimehamia karibu nao, wakabaki wanatupungia mkono kana kwamba tunakwenda vakansi. Nililia siku ile, na sioni haya kuliandika.

Kambini nilipata mchoraji wangu, Mzee Nduwayo, Mrundi aliyekuwa akichora vibao vya saluni. Alichora Dubai kutoka kwenye kifuniko cha kopo la biskuti. Mzee yule alikuwa mtu wa milimani, bahari hakuwahi kuiona, kwa hiyo mawimbi yake yalipangwa kama matuta ya viazi. Mitende aliichora, lakini mkono ulikuwa umezoea migomba, na ukitazama vizuri utaona mkungu. Hoteli zilikuwa ndefu, za buluu, zenye madirisha mengi na mlango mmoja mdogo sana. Nilimuuliza watu wote hao watatokaje. Akaniambia wakimbizi hawalali hoteli, niache kujihangaisha. Watu waliipenda Dubai ile kuliko nchi zote.

Mnaniuliza mara kwa mara watu walipenda kwenda wapi. Ilitegemea. Sisi wa Uvira tulitaka maji, maziwa, chochote chenye ufuko, kwa sababu tumekulia ufukoni. Watu wa Bukavu, ambao hata ukimbizi wao ni ukimbizi wa watu waliosoma, walitaka Paris, na wakifika wanasimama wakikunja mikono kama wanaikagua. Wachungaji walitaka Yerusalemu. Mmoja alihubiri baadaye kwamba amekanyaga nchi takatifu, na sikusema neno, kwa kuwa kweli alikikanyaga kitambaa kikachanika pembeni. Na picha zote hizo zilitumwa kwa ndugu waliokwisha kuchukuliwa Amerika na Kanada. Wao wakajibu kwa picha zao wakiwa wameegemea magari. Miaka ilipita ndipo tukajua magari yale yalikuwa ya majirani. Ndivyo tulivyokuwa tunadanganyana kwa upendo, kila mmoja asimtie mwenzake wasiwasi.

Sasa kuna jambo moja mlijue kuhusu Dzaleka, la sivyo hamtaelewa yanayofuata. Kwetu, mtu akishasimama mbele ya kitambaa, amefika. Hakuna anayetaja kitambaa. Ukimkuta mwenzako anatoka studio, unamuuliza, "Habari ya Dubai?" Naye anakujibu, "Tumerudi salama, jua njo ilikuwa mingi." Na kwa kuwa msafiri harudi mikono mitupu, anapita dukani ananunua biskuti au pipi, anawagawia majirani: zawadi ya safari. Huo ndio ustaarabu wetu. Anayesema "hiki ni kitambaa tu" anaonekana hakulelewa vizuri.

Familia iliyoushika ustaarabu huo kuliko zote ilikuwa ya Papa Ansima. Yeye alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu wa maneno machache. Mkewe, Mama Ansima, alikuwa mwalimu. Na binti yao mmoja, Ansima, wakati huo alikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yanamng'oka. Walikuja kila Noeli baada ya ibada. Mama alikuwa ametunga safari nzima. Walikaa watatu kwenye benchi langu, wamefunga mikanda ya vitenge kiunoni. Jenereta yangu ilikuwa ikinguruma nje, hiyo ndiyo injini ya ndege. Mama anasema, "Mufunge macho, avio inapanda." Papa Ansima, ambaye mwaka mzima humsikii akisema utani, alikuwa akilala palepale na kukoroma hadi wateja wengine wanacheka. Tukiwa tayari, mama anamwamsha. Anafikicha macho, anaitazama Dubai, anashika kichwa.

"Yesu wangu! Angalieni manyumba!"

Sijaona mtu aliyeishangaa Dubai kama yule, na kumbuka kitambaa alikishona mwenyewe. Panya walikuwa wamekula sehemu ya hoteli, akaiziba kwa kipande cha kitenge cha mkewe kilichochakaa. Basi hoteli ile ikawa na dirisha moja la maua mekundu. Kisha napiga picha, ndege inarudi, wanapita kununua biskuti za majirani, na mama anaiweka picha mtandaoni ili shangazi walio mbali waione.

Familia hiyo ilikuwa na dosie ya kuhamishiwa nchi nyingine. Kwa asiyejua, dosie ni maisha yako yakiwa yamewekwa kwenye kabati la mtu mwingine. Yao ilikuwa imekaa huko muda wote huo, na mwishowe wakaitwa Lilongwe kusailiwa. Papa Ansima alishona suti mpya. Kambi nzima iliwaombea. Walirudi jioni, na Mama Ansima hakupitia nyumbani, alikuja moja kwa moja kwangu na viatu mkononi.

"Mama Picha, tumekufa. Dosie imesimama."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Dubai."

Nikamkalisha kwenye benchi, akanieleza huku akihema. Ofisini kulikuwa na msaili, mzungu mrefu na mpole, Bwana Anders. Alikuwa na picha zao za mtandaoni mezani. Aliwauliza wazazi kama wamewahi kutoka Malawi tangu wafike. Wakasema hapana, kamwe. Akamwita mtoto peke yake, kama utaratibu wao ulivyo, akamuuliza kama amewahi kwenda safari. Ansima akaeleza kila kitu vizuri, alivyofundishwa kujibu watu wazima: wanapanda ndege kila Noeli, injini inanguruma sana, papa analala njia nzima, wakifika mama anamwamsha, Dubai kuna joto, Paris anavaa koti kubwa linalonuka. Mkalimani akatafsiri yote. Bwana Anders akaandika kwamba maelezo ya wazazi na ya mtoto hayapatani, na kwamba familia yenye uwezo wa kwenda mapumziko Dubai kila mwaka huenda haihitaji kusaidiwa na mtu.

"Na ulimwambia ni kitambaa?" nikamuuliza.

"Nilimwambia! Akasema, kama ni kitambaa, juu ya nini mutoto hajui? Ningemwambia nini? Eti sisi tunamudanganyaka mutoto wetu kila Noeli?"

Mbaya zaidi, ofisi ilituma mtu kambini kuuliza majirani. Akamkuta Mama Sifa, mwenye nyumba ya ubavuni mwao, mwanamke mwenye moyo safi na mdomo mpana. Nilikwenda kumuuliza alisema nini.

"Mi nilibatetea!" akasema Mama Sifa akijipiga kifua. "Aliniuliza kama banatembeaka. Nikasema eeh, kila Noeli bako inje ya inchi, na hakuna siku balirudi mikono mitupu. Balituletea biskwi ya Dubai, batoto bote balikula. Nilitaka bajue hawa ni bantu ba maana, sio bachafu!"

Nilitaka kumkaba. Lakini alisema alichotakiwa kusema jirani mwema wa Dzaleka, na mimi ningekuwa mahali pake ningesema hivyohivyo. Hata maganda ya biskuti aliyatafuta akampa yule mtu.

Kulikuwa na siku moja tu ya rufaa. Nikaamua kuipeleka Dubai Lilongwe, waione kwa macho. Lakini ili nitoke kambini kwenda kuthibitisha kwamba fulani hajawahi kutoka kambini, nilihitaji ruhusa ya kutoka kambini. Bwana wa ruhusa akaniuliza nakwenda kufanya nini.

"Nasindikiza Dubai," nikasema.

Akaniangalia, akaliangalia lile gogo la kitambaa begani mwangu, akagonga muhuri. Yeye mwenyewe nilishampeleka Joni mara mbili. Kijana wa kabaza, zile baiskeli za abiria, akatufunga mimi na Dubai kwenye ya kwake hadi barabarani. Kitambaa kilichomoza pande zote mbili, tukaangusha mbuzi na kibao cha kanisa, na kwa kila tuliyempita ilibidi niseme pepani, pepani, ndiyo samahani ya huku, hadi koo likakauka.

Ofisini nikawakuta Papa Ansima, mkewe na binti yao wameshafika, tukaambiwa chumba cha msaili ni kidogo, kitambaa tukitundike kwenye korido. Korido haikuwa na msumari, na kupiga msumari kwenye ukuta wa ofisi ile ni ombi linalopelekwa kwanza makao makuu. Papa Ansima, kwa suti yake, akasema atakishika mwenyewe. Tukampandisha kwenye kiti nyuma ya kitambaa, akainua fito ya juu inayobeba kitambaa kwa mikono miwili. Ukisimama mbele ulikuwa humwoni kabisa, unaona tu Dubai, imenyooka ukutani, na chini yake ncha mbili za viatu vilivyong'arishwa. Mama Ansima na binti yake waliambiwa wasubiri chumba cha pili. Nikaenda kugonga mlango wa Bwana Anders, nikaambiwa yuko kwenye kikao.

Sasa korido ile ilikuwa imejaa watu wetu waliokuja kwa dosie zao. Mtu wa Dzaleka akiona mstari anaingia kwanza, kuuliza ni baadaye, maana anayeuliza kwanza hukuta unga umekwisha. Mzee mmoja akaona kitambaa na mimi na kamera shingoni. Akajisogeza, akasimama mbele ya Dubai, akavua kofia. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nyuma yao kundi zima.

"Hii picha ni ya dosie?" mmoja akauliza.

"Inaonekana njo mpya wameleta."

"Batoto nao wanapigwa?"

"Kila mutu na nchi yake. Sisi wametupa Dubai."

"Asifiwe Bwana! Mi nilikuwa naogopa kupelekwa kwa baridi."

Nikawaambia haipigwi, haihusiani na dosie, waende. Hawakunisikia, kila mtu aliona naficha. Akina mama walianza kuwapaka watoto mafuta. Mlinzi naye alijipanga, akasema yeye ni Mmalawi lakini atajaribu. Bwana Anders alipofungua mlango alikuta mstari umezunguka hadi nje, watu wamechana nywele, wanasubiri kwenda Dubai.

Kisha akakisogelea kitambaa, akaiangalia migomba, mawimbi ya matuta, akaweka kidole kwenye dirisha la maua mekundu. Akaitoa picha ya familia mfukoni, akalitafuta dirisha lile, akalipata juu ya kichwa cha mama. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko maua yenyewe. Akasema kwa mkalimani kwamba yeye sasa anaamini. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini, akaendelea, maneno ya mtoto yako kwenye dosie, na yeye hawezi kuyafuta. Anayeweza kuyabadilisha ni mtoto mwenyewe. Ansima ilibidi aletwe aulizwe tena, na aseme kwa mdomo wake.

Mpaka dakika ile nilifikiria dosie tu. Sasa nikaelewa wanachotakiwa kulipa: mtoto kuambiwa Dubai yake ni kitambaa. Mama Ansima aliletwa, naye alielewa kabla sijafungua mdomo. Akamwambia mkalimani, "Basi nimwambie mimi, miye mama yake," akakataliwa, kwa sababu mtoto akifundishwa cha kusema ushahidi unaharibika. Akageukia ukuta. Papa Ansima alikuwa juu ya kiti nyuma ya Dubai, anasikia kila neno, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ashuke. Fito ikishushwa, kitambaa kinashuka nayo.

Ansima akaja, gauni jeupe, utepe kichwani. Akaiona Dubai, akaniona mimi, akanisalimia kwa heshima. Bwana Anders akachuchumaa ili wawe kimo kimoja, akauliza polepole, mkalimani akitafsiri, kama anapajua mahali hapa.

"Eeh. Ni Dubai."

"Ulishawahi kufika?"

"Eeh."

"Je, ni mji, au ni kitu kingine? Waweza kupagusa."

Mtoto hakukigusa kitambaa. Aliangalia mkono wa kushoto, akaangalia wa kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akamwona mama yake amegeukia ukuta. Baba hakumwona popote. Ndipo akamshika Bwana Anders sikio, akamnong'oneza kwa Kiswahili, asichokijua yule mzungu hata neno moja. Ikabidi mkalimani ainame, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia.

"Ni kitambaa. Hii dirisha ni kitenge ya mama, nilijuaka zamani. Lakini tafadhali, musimwambie papa. Yeye anaaminia. Analalaka kabisa mupaka tunafika."

Dubai ikaanza kutetemeka. Hoteli zote ndefu zile zilitikisika, na mawimbi yakatikisika, na watu wa mstari wakadhani ni upepo.

Bwana Anders akamwangalia mkalimani. Mkalimani alikuwa kijana wa Fizi, mtu wa kazi, hajawahi kuacha neno.

"Amesema ni kitambaa," akasema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Bwana Anders akaandika, akasaini, akasema familia irudi nyumbani, dosie inaendelea na safari yake. Mama Ansima alikaa chini kwenye sakafu ya korido akalia bila kujificha, nami nikakaa naye. Mstari ulipoambiwa Dubai imefungwa ulilalamika sana, mlinzi kuliko wote.

Tukashusha fito. Papa Ansima akashuka kwenye kiti taratibu, mikono imekufa ganzi, suti imejaa vumbi la kitambaa, macho mekundu. Binti yake alishtuka kumwona akitokea kule nyuma. Akamtazama usoni, anatafuta kujua amesikia nini. Yule mtu wa maneno machache akafikicha macho kwa viganja vyote viwili, akapiga mwayo mrefu, akaangalia huku na huku kwenye korido ile ya Lilongwe.

"Tumeshafika?" akauliza.

Ansima akamshika mkono.

"Bado, papa," akamwambia. "Lala kwanza."